Presha ilishuka, mama akazidiwa: kwanini?

Waalaikum salaam dada yangu, na pole sana kwa kuuguza, najua kumuuguza mzazi ndani ya nyumba yenye watoto na wageni wa kila saa si jambo jepesi. Maelezo yako nimeyasoma mara mbili, naomba niyarudie kwa ufupi ili na wengine wenye wagonjwa kama wako wafuate vizuri.

Mama ana miaka 64, mnakaa naye Makorora hapa Tanga, presha anayo miaka mingi ila dawa alikuwa anameza siku kichwa kikimuuma tu. Siku 11 zilizopita kaamka mkono wa kulia hauna nguvu, mdomo umeenda upande, anataka kusema maneno hayatoki. Sitiskani, ile picha ya ndani ya kichwa, ikaonyesha hakuna damu iliyovuja, kwa hiyo ni kiharusi cha mshipa ulioziba. Presha ilikuwa 200/110 na hospitali mliyompeleka hawakuishusha siku mbili nzima, nyie mkaona mzazi wenu katelekezwa. Siku ya sita karuhusiwa, presha 160/95, anaongea kidogo kidogo. Siku ya nane ndo balaa: jirani kaja na mashine yake, kampima mama ametoka tu kubebwa chooni, tena mkono wa kulia, ikasoma 200/110, akatoboa kapsuli ya nifedipini, dawa ya kushusha presha, akamminyia chini ya ulimi. Nusu saa baadae 120/75, nyumba nzima alhamdulillahi, kumbe mama keshanyamaza na mkono umeanguka. Mkamlaza, mkamkimbiza zahanati, akatundikiwa dripu, kufika alasiri maneno yakarudi. Na sasa kila akiinuliwa alfajiri kwenda kutawadha anasema kichwa kinamzunguka na mkono unakuwa mzito, akilala unapungua.

Unauliza: presha ndo iliyompiga, sasa iliposhuka mbona akawa mbaya zaidi? Na hospitali walimwachaje na presha juu vile? Halafu kaka yenu mkubwa anasema dawa zote za presha zitupwe kwa sababu ndo zinamdhuru, wewe unaogopa, na ndani ya nyumba mnagombana.

Kabla ya maelezo yoyote, hilo la alfajiri lisisubiri. Mgonjwa wa kiharusi ambaye dalili zinarudi akisimama na kupungua akilala anatakiwa aonwe na daktari leo hii, si kwenye kliniki ya mwezi ujao. Kodini gari alale siti ya nyuma, msimkalishe wima kwenye bajaji. Mkifika mwambieni daktari kama ulivoniandikia mimi, akisimama mkono unalegea, akilala unarudi, na muulizeni kuhusu ultrasaundi ya mishipa ya shingo, kipimo cha umeme wa moyo, na saa anazomezeshwa dawa. Ombeni apimwe presha amelala, halafu akiketi, halafu akisimama. Haya mengine someni mkisharudi.

Sasa swali lako lenyewe. Ubongo wa mtu mzima una kilo 1.4 hivi, yani kama asilimia 2 tu ya mwili, lakini unachukua karibu asilimia 15 ya damu inayosukumwa na moyo na asilimia 20 ya oksijeni yote. Na hauna stoo. Mguu ukibanwa ukafa ganzi unaweza kusubiri, ini lina akiba yake ya sukari, ubongo hauna kitu, damu ikikatika kabisa mtu anazimia ndani ya sekunde kama 10. Kila gramu 100 za ubongo zinataka kama mililita 50 za damu kila dakika, chukulia kile kikombe kidogo cha kahawa ya barazani, kikombe kimoja kila dakika, usiku na mchana, umelala au unapiga soga.

Shida ni kwamba presha ya mwili haitulii. Ukiinama inabadilika, ukikasirika inapanda, ukikaza msuli chooni inaruka, ukiinuka ghafla inashuka. Kama ubongo ungepokea damu vile presha inavokuja basi kila ukiinuka kwenye sijda ungeanguka pale pale kwenye mswala, na huanguki, sasa nani anayekushika?

Nieleze kwa maji. Hapa Tanga maji yetu yanatoka bwawa la Mabayani, mto Zigi, yanakuja kwa bomba kubwa mpaka mitaani. Chukulia una ndoo chini ya koki na unataka ijae kwa mwendo uleule siku zote. Msukumo wa bomba kubwa ukiwa mkali unaibana koki, ukiwa hafifu unaifungua, mkono wako hautoki pale. Ndani ya ubongo mkono huo ni misuli midogo inayozunguka vishipa vyembamba kama unywele, maelfu kwa maelfu. Mwingereza mmoja, William Bayliss, aliandika mwaka 1902 kwamba mshipa ukivutwa na msukumo wa damu unajikaza wenyewe, hausubiri amri ya neva. Presha ikipanda vishipa vinajibana, ikishuka vinajifungua, ndani ya sekunde chache tu. Mwaka 1959 Niels Lassen wa Denmark akakusanya vipimo vya watu wengi akachora ule mchoro ambao kila aliyesomea udaktari anaujua, kwamba wastani wa presha ukiwa popote kati ya 60 na 150, damu inayofika kwenye ubongo inabaki ileile. Siku hizi tunajua mstari ule haujanyooka kama ulivochorwa na watu hawalingani, lakini jambo lenyewe ni kweli kabisa: mtu mwenye afya ana koki zinazofanya kazi, ubongo wake hautikisiki na kila kinachotikisa mwili.

Na koki hazisikilizi presha peke yake. Tangu 1890, Roy na Sherrington walishaona kwamba sehemu ya ubongo inayofanya kazi inajiitia damu yenyewe. Zinasikiliza pia ile hewa tunayotoa tukipumua, kabonidayoksaidi, ikizidi kwenye damu zinafunguka, ikipungua zinajibana. Hili nitalirudia maana umeniandikia mama anakoroma.

Sasa kiharusi kimempiga mama upande wa kushoto wa ubongo, ndo maana ni mkono wa kulia na maneno. Mshipa mmoja umeziba. Watu wengi wanadhani pale palipoziba sehemu nzima inakufa kwa mkupuo, sivyo. Katikati, ambako damu imeshuka chini ya mililita 10 hivi kwa kile kipimo cha gramu 100, pale seli zinakufa haraka, pamekwisha. Lakini pembeni yake kuna eneo linalopata kama 10 mpaka 20, yani kikombe hakijafika hata nusu, seli za pale zimezima kazi ila hazijafa. Hazina nguvu ya kusukuma mkono wala kutunga neno, ila zinapumua. Wataalamu kina Astrup na Symon wakaliita eneo hilo penumbra, ni jina la kile kivuli hafifu cha pembeni wakati wa kupatwa kwa jua, si usiku na si mchana. Miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 ndo walilieleza, na tiba yote ya kiharusi ya leo ni kupigania hicho kivuli kisigeuke giza.

Kinapataje hata hizo mililita chache na mshipa umeziba? Kwa njia za pembeni. Unaijua Ngamiani, barabara ya 9 ikifungwa turubai la harusi, bodaboda hasimami kulia, anakata kichochoro anatokea ya 8 au ya 10, anafika, kachelewa ila kafika. Chini ya ubongo kuna duara la mishipa lililochorwa vizuri mwaka 1664 na Thomas Willis, na juu ya ubongo kuna vichochoro vinavounganisha mshipa huu na ule. Damu inapita huko. Ila vichochoro ni vyembamba, damu haipiti bila kusukumwa, na kinachoisukuma ni presha ya mwili.

Na hapa ndo penye jibu lako dada. Vile vishipa vya penumbra vimeshafunguka mpaka mwisho, vimelala wazi, kwa sababu eneo lina njaa ya oksijeni na limejaa tindikali, na misuli yake yenyewe imechoka. Koki imekwama wazi. Presha ikishuka haina tena pa kufungukia zaidi, presha ikipanda haiwezi kujibana. Mkono uliokuwa unashika koki umepooza kama mkono wa mama ulivopooza. Kwa hiyo damu inayofika pale inafuata presha ya mwili moja kwa moja, ikipanda inapanda, ikishuka inashuka, na ikirudi chini ya zile mililita 20, maneno yaliyokuwa yameanza kurudi yanapotea.

Tupige hesabu ya siku ile. Wastani wa presha unaupata kwa kuchukua ya chini ukaongeza theluthi ya tofauti yake na ya juu. 200/110, tofauti 90, theluthi yake 30, wastani 140. Baada ya kapsuli, 120/75, tofauti 45, theluthi 15, wastani 90. Msukumo umepungua kwa zaidi ya theluthi moja ndani ya nusu saa, kwa ubongo usio na koki upande mmoja. Wewe na mimi 120/75 ni presha ya kujivunia. Kwa mama siku ile ilikuwa njaa.

Tena kwake ni zaidi, kwa sababu presha kaishi nayo miaka mingi. Mtu ambaye mwili wake umezoea 180 ya juu, kuta za vishipa vyake zimenenepa na ule mchoro wa Lassen kwake umesogea juu, kiwango cha chini anachoweza kuvumilia si 60 tena, kiko juu zaidi hata kabla ya kiharusi. Hilo linarudi taratibu akitibiwa kwa miezi, kwa wengine linarudi nusu tu, lakini halirudi kwa mchana mmoja.

Kwa hiyo hospitali hawakumtelekeza. Najua ilivyo kukaa kwenye benchi unaona mashine inaandika 200 na nesi anapita tu, roho inauma, na kwa kweli mtu alitakiwa awaelezeni, dakika mbili tu zingewatosha. Lakini walichofanya ndicho mwongozo unachosema: kiharusi cha mshipa kuziba, kama mgonjwa hapewi dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda na hana dharura ingine kama moyo au figo kushindwa, presha inaachwa siku moja mbili za kwanza mpaka ivuke 220/120, na hata ikivuka inashushwa kama asilimia 15 tu kwa saa 24. Mara nyingi presha yenyewe ilipanda kwa ajili ya kiharusi, mwili unahangaika kusukuma damu vichochoroni, na siku zikienda inashuka bila kulazimishwa, kama ya mama ilivofika 160/95.

Ila usichukue hizo namba ukampe jirani yako mwenye mgonjwa mwingine. Anayepewa dawa ya kuyeyusha, ambayo kwa kawaida inatakiwa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, presha yake lazima iwe chini ya 185/110 kabla na isizidi 180/105 siku nzima baada yake. Sababu ni koki zilezile: mshipa ukizibuliwa, damu inarudi kwa kishindo kwenye vishipa vilivyokwama wazi, vinajaa kupita mahitaji, Lassen huyohuyo mwaka 1966 aliliona hilo akaliita damu ya anasa, na presha ikiwa kali vinavimba au vinapasuka. Na aliyevuja damu ndani ya ubongo tangu mwanzo ni habari nyingine kabisa, yule anashushwa mapema, karibu na 140 ya juu. Dalili za nje zinafanana, mkono umelegea, mdomo umepinda, huwezi kujua kwa macho, ndo maana hakuna mtu anayetakiwa kugusa presha ya mgonjwa wa kiharusi kabla ya sitiskani.

Nisiwe wa upande mmoja. Kulikuwa na utafiti mkubwa China, wagonjwa zaidi ya 4,000, matokeo yalitoka 2014, waliwashusha presha kwa kiasi ndani ya saa 48 za mwanzo wakalinganisha na ambao hawakushushwa, na vifo na ulemavu vikawa sawa. Kushusha kwa utaratibu chini ya uangalizi hakukuwaua watu, wala hakukuwasaidia kwa wakati ule. Kinachoumiza ni kuporomosha.

Na kapsuli ya nifedipini chini ya ulimi ndo kuporomosha kwenyewe. Watu wanadhani inanyonywa na ulimi, ukweli kinachonyonywa pale ni kidogo sana, mgonjwa anaimeza, inaingia damuni kwa kasi, na huwezi kujua itashukia wapi, kwa huyu 150, kwa yule 90. Madaktari waliandika kwenye jarida la Marekani mwaka 1996 kuomba iachwe kabisa, baada ya kuona wagonjwa waliopata kiharusi au shambulio la moyo kwa sababu ya kushushwa ghafla. Bado mitaani kwetu ipo kwenye vipochi vya watu, na wanaitoa kwa upendo.

Niliwahi kukaa na mashine ya dopla, ile ya kusikiliza damu ya ubongo kwa sauti kupitia mfupa mwembamba wa panja, ndo nikaelewa kwa masikio nilichokuwa nasoma vitabuni. Kipimo chenyewe cha kufunga mapaja alikitunga Rune Aaslid na wenzake mwaka 1989. Mgonjwa amelala, mapaja yote mawili yamefungwa mikanda ya presha iliyojazwa upepo dakika chache, halafu inaachiliwa ghafla. Damu inakimbilia miguuni na presha ya mwili inaanguka kidogo. Kwa kijana mzima aliyejitolea, sauti ya shwaa shwaa kwenye spika ikafifia, nikahesabu moja, mbili, tatu, nne, kufika tano sauti imesharudi, wakati kwenye skrini presha bado iko chini. Koki zimefunguka zenyewe. Akaja baba mmoja siku ya nne ya kiharusi. Tukaachia mikanda, sauti ikafifia, nikahesabu tano, kumi, kumi na tano, bado iko chini, ikaja kupanda pale tu presha ya mwili ilipopanda. Upande wa pili wa kichwa chake huyohuyo sauti ilirudi kwa sekunde sita. Mtu mmoja, upande mmoja una koki, upande mwingine hauna. Tangu siku ile nikisikia mtu anasema mpe kitu ishuke haraka, nasikia ile sauti iliyokataa kurudi.

Na hali hiyo haianzi ikaisha siku ya kwanza. Vipimo vimeonyesha kwamba kwa wengi koki zinazidi kuharibika siku tano hivi za mwanzo, saa ingine hata upande ambao haukupigwa, halafu zinapona polepole kwa wiki na miezi, wengi karibu miezi mitatu. Mama ana siku 11. Bado yuko ndani kabisa ya kipindi hicho.

Ndo maana alfajiri. Kalala usiku kucha, hajanywa maji, joto hili la Tanga limemkausha, dawa kameza usiku, mkojo kautoa, halafu mnamsimamisha kwa mara moja kwa sababu adhana imelia. Kila kimoja peke yake kinashusha presha kidogo, vyote kwa pamoja vinashusha sana, na upande wa kushoto wa ubongo hauna wa kuukinga. Inaweza pia kuwa mshipa wa shingo umebanwa na mafuta, nilivokwambia uulizie ultrasaundi ni kwa ajili hiyo.

Mpaka daktari aseme vingine, mama asisimame alfajiri. Dini imempa ruhusa, mgonjwa anaswali ameketi, akishindwa anaswali amelala, na mwambieni hivyo kwa upole maana najua wazee wetu wanaona kama wanapungukiwa. Maji ya kutawadha yapelekwe kitandani. Akiamka kwanza anywe maji akiwa ameegemea, akae hivyo dakika kadhaa, halafu miguu ishuke chini, akae tena, mumuulize maneno mawili matatu mumsikilize anavyojibu, mumwambie akushike mkono kwa mkono wa kulia. Neno likianza kukwama mlazeni palepale, msibishane naye. Habari ya mito mingapi msiigombanie, utafiti wa 2017 wenye wagonjwa zaidi ya 11,000 haukuona tofauti kati ya kulala bapa na kuinua kichwa, muhimu kwa mama ni kile anachoonyesha yeye. Na mazoezi aendelee nayo, ila mafupi ya mara nyingi, kule kumkokota mtu kwa nguvu tangu saa 24 za kwanza kulijaribiwa, matokeo yakatoka 2015, waliokokotwa sana walipona vibaya kidogo kuliko waliokwenda taratibu.

Maji na uji ampeni kwa kumwangalia. Shangazi anataka kumnywesha kombe, yale maji ya maandishi ya Kurani, mimi sizuii dua ya mtu, lakini kombe ni maji na mgonjwa wa kiharusi koo linaweza kuwa limelegea, maji yakaingia kifuani akapata nimonia. Akae wima, kijiko kimoja, akikohoa au sauti ikawa ya majimaji acheni, mwambieni daktari.

La kukoroma nalo lipeleke kwa daktari. Ukisema anakoroma, anakata pumzi, halafu anashtuka, hilo ni tatizo la pumzi usingizini na waliopata kiharusi wengi wanalo. Akikata pumzi kabonidayoksaidi inapanda, koki nzima za upande wa kulia zinafunguka, za kushoto tayari ziko wazi hazina pa kwenda, kwa hiyo damu inavutwa upande wenye afya na upande wenye njaa unaibiwa. Alale kiubavu, si chali.

Sasa kaka. Mpe salamu, mwambie ninamuelewa, kaona kwa macho yake dawa ya presha inamnyamazisha mama yake. Lakini asitupe dawa. Hiyo amlodipini mliyopewa ni ndugu wa nifedipini, ukoo mmoja, tofauti yake ni mwendo: inachukua saa 6 mpaka 12 kufika kileleni na siku kadhaa kutulia mwilini, ubongo unapata muda wa kuzoea. Utafiti mmoja mkubwa uliotoka 2001, watu 6,105 waliokwisha kupata kiharusi, waliotumia dawa ya presha kila siku walipunguza kiharusi cha pili kwa asilimia 28. Mbele ya safari mama anatakiwa afike karibu na 130/80, lakini afike kwa wiki na miezi, kidonge kwa kidonge, daktari akiangalia. Huenda atamhamishia dawa asubuhi au kumpunguzia kidogo kwa sasa kwa ajili ya hiki kizunguzungu, hilo ni la kuamua yeye akishampima. Kuacha kabisa ni kurudi kulekule alikokuwa, kumeza siku kichwa kikiuma, na presha haiumi kichwa kwa watu wengi, inakaa kimya mpaka ile asubuhi. Asprini na ile dawa ya kushusha mafuta kwenye damu ziendelee vilevile.

Na kupima mpime kwa mkono wa kushoto, ule mzima, uliopooza unadanganya. Asiwe ametoka chooni, asiwe na mkojo uliombana, asiwe amegombezwa. Akae ameegemea dakika 5, mkono juu ya mto usawa wa moyo, msimsemeshe, pimeni mara mbili muandike zote. Ikisoma 200 siku moja na mama anaongea vizuri, mlazeni, subirini, rudieni, ikibaki hapo pigeni simu au mpelekeni. Maneno yakipotea, mkono ukianguka, akilalamika kichwa kinapasuka au akasinzia visivyo vya kawaida, pelekeni bila kujali mashine imesoma ngapi, na msimpe kitu chini ya ulimi.

Jirani yenu msimgombeze. Alikuja na mashine yake kwa ajili ya mtu asiye mama yake. Mweleze haya uliyosoma, kapsuli azirudishe, halafu muombe awe anakuja asubuhi na jioni kumpima mama mkono wa kushoto, namba ziandikwe kwenye daftari moja na saa yake, amelala ngapi na ameketi ngapi, na hilo daftari ndo muwe mnakwenda nalo kila mkienda kwa daktari, hata kama lina mstari mmoja tu.